Dadu, Beni na macho ya bibi

Najua nimepotea hapa kibarazani. Nilikwenda nyumbani Bisibo, wilaya ya Biharamulo, kula sikukuu na wazee, na kule kwetu mtandao unapatikana ukisimama chini ya mwembe mmoja tu, tena kwa foleni. Nimerudi na ndizi, maharage na stori moja ambayo haijaniacha kulala vizuri. Kaeni mkao wa kusoma maana ni ndefu kidogo.

Kabla ya kusafiri nilipita steshenari moja jijini Mwanza nikachapisha kurasa kama 40 za kanuni za mchezo. Si bao, si karata, si drafti. Ni ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja anajifanya mtu fulani katika nchi ya kufikirika: huyu askari, huyu mwizi, huyu padri, huyu mwenye nguvu za ajabu. Mmoja hajifanyi mtu yeyote. Yeye ndiye anayesimulia: "Mmefika kwenye pango, ndani kunanuka moshi, mnafanya nini?" Wenzake wanajibu, na pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana dadu inarushwa. Kwa Kiingereza msimulizi huyo ana majina mengi. Mimi namwita manju, kama yule anayeongoza ngoma. Naona jina linamkaa.

Basi jioni ya pili nikawakusanya mdogo wangu wa kike, binamu zangu wawili na kijana mmoja wa jirani. Umeme ulikuwa umekatika, tukawasha taa ya chemli. Dadu ya pande 20 sikuwa nayo, kwa hiyo nilichukua vizibo 20 vya soda, nikaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito, nikavitia kwenye kofia. Unachomoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Mpaka hapo nilijiona fundi!

Nikaanza kusoma kanuni. Nikasoma, nikasoma. Baada ya saa nzima kijana wa jirani alikuwa amelala na mdomo wazi. Mdogo wangu akanikatisha: "Kaka, tuanze basi. Mimi nataka kuwa mchawi."

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake pembeni akichambua maharage. Mikono yake ikasimama. Hakusema kitu. Akanyanyua ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mchezo wetu ukafia pale pale.

Ili mwelewe kwa nini, niwaambie kwamba bibi yangu ana macho mekundu. Ameyapata jikoni, kwenye mafiga matatu na kuni mbichi, miaka zaidi ya 60 ya kupuliza moto ili watu wale. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua macho mekundu ya mwanamke mzee yamemaanisha nini. Kwa miongo mingi akina mama wazee wamekatwa mapanga Shinyanga, Mwanza, Geita na huku kwetu pia kwa sababu mtoto wa jirani kaumwa, ng'ombe kafa au mvua imegoma, na mtu akaonyesha kidole nyumba ya bibi mwenye macho mekundu. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa pia. Lakini sheria hulala mjini, na panga halitoki mbali. Rafiki wa bibi waliyekuwa wakiteka maji naye tangu usichana alihama usiku na kigunia kimoja cha nguo baada ya neno hilo kutajwa uani kwake. Hakurudi.

Asubuhi bibi aliniita. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyotuita wajukuu wote wa kiume, "mchezo wenu nimeusikia, ni mzuri. Ila neno mlilolileta si la kuchezea. Neno hilo likitamkwa nje ya nyumba yangu, mimi silali."

Niliomba radhi. Halafu, kwa kuwa mimi ni mwandishi na ugonjwa wangu ni kuchimba, nikaanza kujiuliza. Mchezo huu umetoka wapi hasa? Na sisi wenyewe hatujawahi kuwa na michezo ya kuvaa jina la mtu mwingine? Majibu niliyoyapata nawaletea hapa.

Tuanze na Wazungu. Mwaka 1812 ofisa mmoja wa Prussia aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme wake meza ya kuchezea vita. Mwaka 1824 mwanawe, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi, alitoa kanuni kamili. Kulikuwa na ramani, vipande vinavyosimama badala ya vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi aliyekaa katikati. Wachezaji walimwandikia mwamuzi amri zao, naye akawaambia kilichotokea. Mwangalieni vizuri huyo mwamuzi. Yeye ndiye babu wa manju wetu.

Michezo ya vita ikaendelea hadi ikawa burudani ya raia. Mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, kijana aitwaye David Wesely aliendesha mchezo ambao kila mchezaji alipewa mtu mmoja wa kuwa badala ya jeshi zima. Mwenzake Dave Arneson akalichukua wazo hilo akaliingiza katika nchi ya mazimwi na mapango. Akaungana na Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, zikafungwa kwenye maboksi kwa mikono. Mwaka 2024 mchezo huo ulitimiza miaka 50, na unachezwa na mamilioni ya watu.

Kwa hiyo mchezo ulizaliwa jeshini, raia wakauchukua, wakaugeuza kuwa njozi. Shikilieni hapo.

Sasa njooni pwani yetu. Miaka ya 1890, katika miji ya pwani ya Kenya kama Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma mpya iliyoitwa Beni, kutokana na bendi za muziki za Kizungu. Walipiga tarumbeta na madramu, wakatembea kwa gwaride, wakavaa sare. Na kila mwanachama alikuwa na cheo! Kulikuwa na kingi, majenerali, makapteni, madaktari. Wanawake walikuwa na vyeo vyao pia. Mchana mtu huyo ni hamali bandarini au boi wa mzungu. Jioni ni jenerali, anapigiwa saluti, na amri yake inafuatwa.

Upande wa Tanganyika, wakati huo ikiwa chini ya Wajerumani, Beni iligawanyika katika Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa daraja, wasomi na wenyeji wa pwani. Arinoti wakajaa watu wa bara na wa kazi ngumu. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, kila upande ukitaka mwenzake aone haya. Lakini ndani ya kila kundi walisaidiana pia: mgeni akifika mji asioujua alipokelewa, na mwanachama akifa alizikwa na wenzake. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia habari yote hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1975, na ukikisoma utashangaa jinsi ramani ya ngoma hiyo ilivyo kubwa.

Ikawaje ikaenea? Vita! Kati ya 1914 na 1918 askari na wapagazi walipelekwa kila kona ya Afrika Mashariki, na Beni ikaenda nao. Hata huku kwetu vita vilipita. Wabelgiji waliingia Biharamulo mwezi Juni 1916 wakiwa njiani kuelekea Tabora, ambayo waliitwaa tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Nikilitazama lile boma la Mjerumani pale Biharamulo mjini siku hizi, siwazi majenerali wa kweli tu. Nawaza pia wale majenerali wa jioni, wapagazi waliobeba mizigo ya watu kutwa nzima, halafu usiku wakapeana vyeo ambavyo hakuna serikali ingewapa.

Baada ya vita watu walirudi makwao na ngoma hiyo. Malawi na pembezoni mwa Ziwa Nyasa ikazaa malipenga na mganda. Katika migodi ya shaba ya Zambia ikaacha alama kwenye kalela, ngoma ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiandikia mwaka 1956.

Mnaona kinachofanana? Huko Prussia na Marekani mchezo ulitoka jeshini ukaishia mezani. Kwetu gwaride lilitoka jeshini likaishia uwanjani. Pande zote mbili mtu wa kawaida alichukua vyeo vya wakubwa akajivika mwenyewe.

Na wakubwa walifanyaje? Waliogopa! Vita vilipokwisha maofisa wa Kiingereza waliichunguza Beni kwa wasiwasi mkubwa. Watu weusi wenye vyeo, sare na matawi kutoka mji mmoja hadi mwingine! Wakahisi njama. Hawakuamini kwamba mtu anaweza kujiita jenerali jioni kwa sababu tu amechoka kuitwa boi mchana.

Huku kwetu Maziwa Makuu hofu kama hiyo ilikuwapo kabla. Rwanda, Burundi na majirani zetu walikuwa na kubandwa, ibada ya Ryangombe ambaye Warundi humwita Kiranga. Upande wa Buhaya na Karagwe kulikuwa na Bachwezi. Niseme wazi kwamba ile si michezo, ni dini ya watu, na siwekei mzaha. Ninachotaka mkione ni hiki: aliyeingizwa katika ibada ile alichukua nafasi ya mzimu fulani, akavaa alama zake, akasema kwa sauti yake, na watu wakamwita kwa jina lake. Mtafiti Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha jinsi wanawake wengi waliokuwa hawana sauti katika himaya zile walivyoipata ndani ya kubandwa. Wamisionari walipofika, ibada hiyo waliiita ya shetani.

Na Marekani je? Hayo hayo! Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kule Michigan alipotea, na magazeti yakaandika kwamba amepotelea mashimoni chini ya chuo akicheza ule mchezo. Haikuwa kweli. Alikuwa na matatizo yake mazito, na alipatikana hai baada ya wiki chache. Lakini habari ilishatoka, na mimi kama mwandishi nikisoma kisa hicho huwa naona aibu ya kazi yangu. Miaka yote ya 1980 wazazi na wahubiri wa kule waliandamana, wakasema mchezo unawafundisha watoto uchawi. Mwaka 1982 ikatoka hata filamu, na Tom Hanks akiwa bado kijana akacheza kama mtu aliyerukwa na akili kwa sababu ya mchezo.

Hapa ndipo nilipokwama, ndugu zangu. Ningeweza kuishia kusema: mnaona, kila mahali wakubwa wanaogopa michezo ya kujifanya, kwa hiyo na bibi yangu ni mwoga tu wa mambo mapya. Ingekuwa makala nzuri ya mjini! Lakini isingekuwa haki. Bibi hakuuogopa mchezo, alisema mwenyewe kwamba ni mzuri. Aliogopa neno moja, na alikuwa na sababu.

Nimefikiri sana tofauti iko wapi, na nadhani ni hii. Cheo cha Beni kilivuliwa asubuhi. Jenerali aliamka hamali, akabeba gunia, na hakuna aliyemdai vita. Jina la mchawi halivuliwi. Ukimpa mtu leo mchezoni, kesho jirani aliyepita njiani akasikia nusu ya maneno, jina linabaki kwenye mlango wa nyumba. Kule Wisconsin mchawi ni mtu wa kwenye vitabu vya watoto, ana kofia ndefu na ndevu nyeupe. Bisibo mchawi ni bibi wa mtu. Mimi nilitafsiri neno bila kutafsiri nchi.

Basi nikarudi kwa bibi na ombi. Nikamwambia: "Bibi, mchezo umenishinda. Njoo uwe manju." Akacheka mpaka akakohoa. Jioni ile akavuta kigoda katikati ya uwanja.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Hakusoma kanuni hata moja. Alisema: "Ngoma ya mwami imeibwa usiku huu. Mvua inanyesha. Nyayo zinaelekea ziwani. Nani anatoka kwanza?" Watoto watatu wakasimama kwa pamoja! Mtu wa huku haelezwi kwa nini kuibiwa ngoma ni balaa, maana katika falme za Maziwa Makuu ngoma ndiyo ilikuwa ufalme wenyewe.

Alipofika kwa mdogo wangu akamuuliza: "Wewe unataka nguvu za kushangaza watu?" Akajibu ndiyo. "Basi wewe ni mfua chuma." Akatueleza habari za Warongo wa upande wa Buzinza, mafundi waliogeuza mawe kuwa chuma kwa mkaa na mivukuto, na majembe yao yakabebwa hadi Usukumani. Na bibi hakutia chumvi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta Buhaya mabaki ya tanuri za chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Mtu anayetia jiwe motoni akatoa jembe, kuna maajabu gani zaidi ya hayo? Mdogo wangu alicheza mfua chuma siku tatu mfululizo, na ngoma ikapatikana kwa Mugasha, bwana wa ziwa na tufani, ambaye bibi alimwigiza kwa sauti iliyomkimbiza mbwa.

Nilipomtazama bibi usiku ule nilimkumbuka marehemu Habibu Selemani, yule mwimbaji mkubwa wa enanga wa hapa Kagera aliyefariki mwaka 1993. Profesa Mugyabuso Mulokozi alimwandika kama mmoja wa manguli wa mwisho wa sanaa ile. Mtu mmoja, chombo kimoja cha nyuzi, na mashujaa wote, wafalme na mapepo wametoka kinywani mwake. Sisi leo tunatafuta kwenye mtandao namna ya kuongoza mchezo wa njozi, na walimu wametufia jirani.

Haya, kwa wale mtakaotaka kujaribu nyumbani, haya ndiyo niliyojifunza kwa bibi:

Kwanza, anza na tukio, kanuni zitakuja. Kitu kimeibwa, mtu anagonga mlango, mto umefurika. Kanuni moja ifundishwe siku inapohitajika.

Pili, dadu isikusumbue. Vizibo 20 kwenye kofia vinatosha. Ila hakikisha kila kizibo kinarudishwa kabla ya mwingine kuchomoa.

Tatu, wape wasikilizaji kazi. Bibi kila baada ya muda alisimama akauliza, "Na wewe?" Hata yule kijana wa jirani hakusinzia tena.

Nne, chagua majina yanayovulika. Kabla hujamkabidhi mtu jina, jiulize kama asubuhi ataweza kuliacha. Kama kuna mtu kijijini anayeweza kuumizwa na neno hilo, litupe, tafuta jingine. Lugha yetu si masikini.

Tano, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Bibi alipomaliza kila usiku alituita mmoja mmoja kwa majina yetu ya nyumbani, na kila aliyeitwa akapewa kipande cha muhogo wa kuchoma. Hukupewa muhogo mpaka uitikie kwa jina lako halisi. Nikamuuliza kwa nini. "Nawarudisha," akasema. "Aliyekwenda mbali lazima arudishwe."

Habari njema ya mwisho. Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa na wachezaji, wenye Dungeons & Dragons waliweka kanuni zake za msingi chini ya leseni huria. Maana yake mtu yeyote, hata wewe, unaruhusiwa kuzitafsiri, kuzibadili na hata kuziuza, mradi utaje zilikotoka. Wapo waliotangulia kuandika michezo ya namna hii yenye sura ya Afrika, kama Christopher Dolunt wa Marekani aliyetoa Nyambe mwaka 2002. Mimi nimeshaanza ya Kiswahili kidogo kidogo. Sura ya mafundi chuma imekamilika. Ile sura ya wachawi nimeiruka, na nitakayemtaja kwenye shukrani mnamjua.

Nikiondoka asubuhi na mapema bibi alikuwa jikoni, anapuliza moto, macho mekundu kama kawaida. Nimemnunulia jiko la gesi. Anasema maharage ya kwenye gesi hayana ladha. Tunaendelea kubishana.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda!